Mnatuajiri vuli mkijua Januari mtatutoa: kero ya dereva mpya wa lori chini ya mkataba wa chama

Ndugu wanajamvi,

Nimesoma nyuzi nyingi za wenzetu wa hapa Marekani wanaoshauriana kuachana na malori ya masafa marefu yanayolipa kwa maili na kuhamia kwenye kampuni za mizigo zenye mkataba wa chama cha wafanyakazi. Karibu zote huishia kwenye malipo ya saa, bima ya afya na pensheni, kana kwamba mtu akishapokelewa tu mambo yake yamekwisha. Sijaona hata mmoja unaoeleza yanayompata dereva mpya katika miezi ya kwanza. Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, ila nitajitahidi kuyaeleza mambo kwa utaratibu ili anayefikiria kuhama ajue anaingia wapi.

Niliajiriwa wakati mizigo ilipoanza kupanda kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka. Tangazo lilisema kazi ni ya kudumu na ya muda wote, na aliyenihoji alilirudia neno hilo la kudumu mara kadhaa, akanionyesha ngazi ya mshahara itakavyopanda hadi nifikie kiwango cha juu. Kwa maneno hayo niliacha kazi niliyokuwa nayo, ambayo ilichosha lakini ilikuwepo. Baada ya mwaka mpya tu likabandikwa karatasi karibu na dirisha la ofisi ya kupanga safari, lenye majina ya wanaopunguzwa kazini kuanzia chini ya orodha kwenda juu, na sisi tulioingia vuli ile tulikuwamo sote. Hapakuwa na kikao, wala mtu wa kutueleza tutaitwa tena lini, kama tutaitwa.

Kabla hamjanijibu kwamba hivyo ndivyo chama kinavyofanya kazi, naomba nieleweke. Silalamikii utaratibu wa ukongwe. Ninajua kwamba chini ya mkataba tarehe ya kuajiriwa ndiyo inayoamua nani achague safari kwanza, nani achague likizo kwanza, nani atoke kwanza kazi zikipungua na nani arudi kwanza zikirejea. Ninajua pia kwa nini utaratibu huo upo: bila huo, meneja angewaacha marafiki zake na kuwatoa wanaomjibu, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu katika kampuni zisizo na chama. Aliyetangulia ana haki yake, na kama mizigo imepungua, mimi wa chini nitoke. Hapo sina ugomvi na mtu yeyote.

Ugomvi wangu ni kwamba walijua. Kila aliyewahi kubeba mizigo nchini humu anajua kuwa Januari na Februari ni miezi mikavu, kwa sababu maduka yameshajaza maghala kabla ya sikukuu na viwanda havijaanza kuagiza tena kwa nguvu. Kampuni yenye kumbukumbu za mizigo yake ya miaka na miaka haiwezi kudai kwamba ilishtukizwa na Januari. Ilitaka madereva wa msimu, na kama ingetangaza kazi ya msimu, wengi wetu tungebaki tulipokuwa, au tungekuja tukiwa tumejiandaa. Ikaamua kutangaza kazi ya kudumu, na gharama ya uamuzi huo ikaturudia sisi.

Sasa njooni kwenye muda wa majaribio, kwa maana hapo ndipo penye sumu. Katika mkataba wetu, dereva mpya haingizwi kwenye orodha ya ukongwe mpaka atimize idadi fulani ya siku za kazi ndani ya kipindi kilichowekwa. Kabla ya kutimiza, anaweza kuachishwa bila sababu kutolewa, na hawezi kufungua malalamiko kupinga kuachishwa huko kupitia utaratibu wa mkataba, ingawa ada ya chama inakatwa kwenye mshahara wake kama ya wengine. Anayepunguzwa kabla ya kumaliza siku hizo hana haki ya kuitwa tena kwa mpangilio. Akirudishwa baada ya kipindi kupita, anaanza kuhesabu upya, na siku alizokwisha kufanya zinapotea. Tafakarini maana yake kwa kampuni isiyo na haya. Inaweza kuchukua watu kila vuli, ikawatumia wakati wa wingi wa mizigo, ikawatoa kabla hawajapata ulinzi wowote, kisha vuli inayofuata ikawapigia simu walewale wakiwa wapya tena. Nimekutana na dereva katika yadi yetu ambaye hayo yamemkuta zaidi ya mara moja, na bado anaitwa mgeni na watu aliowafundisha kurudisha trela nyuma mlangoni.

Baada ya kututoa, hawakutuachia hata nafasi ya kutafuta riziki kwingine kwa uhuru. Tuliwekwa kwenye orodha ya wanaoitwa kwa dharura. Simu inaweza kulia usiku wa manane kwamba dereva fulani hakufika, njoo uondoke na trela kabla ya alfajiri, na usipopokea, au ukisema huwezi, inaandikwa kwamba umekataa kazi. Kukataa kazi kunaweza kukuletea matatizo kwenye mafao ya ukosefu wa ajira, na ukikubali, malipo ya siku moja yanaweza kupunguza mafao ya wiki hiyo. Ukipata kazi kwingine, nafasi yako kwenye orodha inakuwa mashakani. Tumekuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba nje ya zizi: hali ndani na hawezi kwenda malishoni.

Bima ya afya, ambayo ndiyo iliyowavuta wengi wetu, nayo ina hesabu yake. Kwetu kampuni huchangia mfuko wa bima kwa wiki ambazo dereva amefanya kazi, na mpya hana budi kusubiri mpaka michango ifikie kiwango kabla ya familia yake kutibiwa. Wengi tulitolewa tukiwa bado tunasubiri. Waliokwisha kupata bima walipewa karatasi za kuendelea nayo kwa kulipa wenyewe, jambo ambalo sheria inaruhusu kwa kawaida hadi miezi 18, lakini mtu aliyepoteza mshahara atalipaje mchango wake na ule uliokuwa ukilipwa na mwajiri?

Kuna waliojaribu kututuliza kwa kusema kwamba sheria inamtaka mwajiri atoe notisi ya siku 60. Sheria hiyo ya mwaka 1988 ipo, na inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi, lakini isomeni vizuri kabla ya kuitegemea. Upunguzaji wa jumla unahesabiwa pale wanapotolewa watu wasiopungua 50 katika kituo kimoja, na kwa kawaida wawe angalau theluthi ya wafanyakazi wa hapo. Anayesimamishwa kwa muda usiozidi miezi sita hahesabiwi kuwa amepoteza ajira. Na aliyefanya kazi chini ya miezi sita katika miezi 12 iliyopita haingizwi kwenye hesabu ya kufikia viwango hivyo. Ukivisoma vifungu hivyo kwa pamoja, utaona kwamba dereva mpya anayetolewa Januari na kuahidiwa kuitwa majira ya kuchipua karibu hayupo machoni pa sheria hiyo.

Wazee wa yadi wanatuambia kwamba zamani haikuwa hivi, na wana sehemu ya ukweli. Mwaka 1964 Teamsters, chama cha wafanyakazi wa malori kilichokuwa kikiongozwa na Jimmy Hoffa, kilipata mkataba mmoja wa mizigo kwa nchi nzima, na mamia ya maelfu ya madereva wakawa chini ya masharti yanayofanana. Sheria ya mwaka 1980 iliyotiwa saini na Rais Carter ikafungua biashara ya malori kwa ushindani, kampuni nyingi zisizo na chama zikaingia, na kampuni nyingi za zamani zilizokuwa chini ya mkataba huo zikaanguka moja baada ya nyingine. Anguko la kampuni ya malori ya Yellow, iliyosimamisha shughuli mwishoni mwa Julai 2023 na kuomba kufilisika Agosti mwaka huohuo, liliwaacha bila kazi watu wapatao 30,000, na takriban 22,000 kati yao walikuwa wanachama wa Teamsters. Nalitaja hilo kwa sababu ukongwe hauhamishiki kutoka kampuni moja hadi nyingine. Dereva aliyekuwa juu ya orodha kwa miongo, kampuni yake ikifa, anaingia kwingine akiwa chini ya kijana aliyeajiriwa mwezi uliotangulia. Kwa hiyo msidhani kwamba nawasemea vijana peke yao. Katika kundi letu lililotolewa alikuwemo mzee wa aina hiyo, na yeye hakulalamika hata kidogo, jambo lililoniudhi zaidi.

Chama nacho siwezi kukiacha. Tawi letu lilipokea kiingilio na ada, likatukabidhi kijitabu cha mkataba, basi. Mwakilishi wetu kituoni ni mtu mwema, lakini nilipomuuliza kuhusu siku zetu za majaribio alijibu kwamba mkataba ndivyo ulivyo na kwamba walioujadili walikuwa na mambo mazito zaidi mezani. Ninaamini walikuwa nayo. Wanaopiga kura ya kuupitisha mkataba ni waliomo kwenye orodha, na wapya wa miaka ijayo hawana kura, kwa hiyo kila mara haki zao ndizo zinazotolewa kwanza ili kupata kitu kingine. Hata jambo dogo kama kadi ya kujitoa kwa muda, ambayo mwanachama aliyepunguzwa anaweza kuiomba ili asilimbikize deni la ada wakati hana kazi, sikuambiwa na ofisi. Niliambiwa na dereva mmoja mkongwe tukiwa tunasubiri trela zifungwe.

Kwa kuwa ofisi hazisemi, nayasema mimi kwa watakaofuata. Ukipunguzwa, dai karatasi inayoeleza kwamba umetolewa kwa kukosekana kwa kazi, wala usikubali maelezo ya mdomo, kwa maana tofauti kati ya kupunguzwa na kufukuzwa ndiyo itakayoamua madai yako ya mafao. Fungua madai wiki hiyohiyo. Usingoje kuona kama utaitwa, kwa sababu majimbo mengi hayalipi kwa wiki zilizopita kabla hujaomba, na mengine hayalipi wiki ya kwanza kabisa. Mafao katika majimbo mengi huhesabiwa kwa robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwaka (kila robo miezi mitatu) zilizokamilika kabla ya kuomba, na hivyo mara nyingi kinachokuokoa ni mshahara wa kazi uliyoiacha, si wa hii mpya. Tunza hati za mshahara za kote kuwili. Piga picha orodha ya ukongwe iliyobandikwa siku unayotoka. Andikia kampuni na tawi anwani yako kila unapohama, kwa sababu barua ya kuitwa tena hutumwa kwenye anwani waliyo nayo, na ukichelewa kuijibu umejiondoa. Cheti cha afya cha udereva kisikuishie ukiwa nyumbani, maana simu ikija na cheti kimekwisha, watampigia anayefuata.

Tena, kabla ya kuacha kazi uliyo nayo, uliza maswali ambayo wanaohoji hawayapendi: aliye chini kabisa kwenye orodha aliajiriwa lini? Wapya wa mwaka jana wako wapi sasa? Je, mwezi wa pili mwaka jana kulikuwa na waliotolewa? Ukijibiwa kwa mzaha, umeshapata jibu.

Najua watakuja watakaoniandikia kwamba kila mtu alipitia hayo, na kwamba walioyavumilia leo wana safari nzuri za usiku na pensheni. Msiniletee methali ya mvumilivu. Wanaoisema ni wale waliobaki. Waliotolewa mara mbili tatu wakachoka wakarudi kwenye kulipwa kwa maili hawamo tena yadini kutoa ushuhuda wao. Tena kuvumilia baridi na zamu mbaya ni jambo moja, na kuvumilia kudanganywa wakati wa kuajiriwa ni jingine. Ninachokidai si kikubwa: tangazo liseme ukweli kuhusu msimu, siku za majaribio zilizokwisha kufanywa zibaki zikihesabika hata baada ya kupunguzwa, na aliye kwenye orodha ya dharura aruhusiwe kufanya kazi kwingine bila kupoteza nafasi yake.

Mazungumzo ya mkataba mpya katika tawi letu yanakaribia, na nimeambiwa kwamba wanachama wanaweza kupeleka mapendekezo kwa maandishi. Kwa hiyo naomba walio kwenye matawi mengine wanisaidie na jambo moja mahususi: je, mikataba yenu inasemaje kuhusu siku za majaribio za dereva aliyepunguzwa kabla ya kuzimaliza? Kama kuna mahali zinahesabiwa anaporudi, niwekeeni hapa maneno ya kifungu kama yalivyo. Jina la kampuni silihitaji.