Tupeane uzoefu: Unaiandaaje nyumba yako kabla ya kusafiri likizo ya Desemba?

Mwanzisha mada, Kimara, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Shule zikishafungwa na mabasi ya Moshi, Arusha na Bukoba yakianza kujaa, wengi wetu nguvu zote huishia kwenye tiketi, nguo za watoto na zawadi za wazee, na nyumba tunayoiacha huja kukumbukwa usiku wa mwisho, mabegi yakiwa tayari mlangoni. Naomba kila mmoja aeleze anachokifanya yeye mwenyewe na sababu yake, ili anayesafiri mwaka huu apate la kuchukua.

Nianze na maji, ambayo nayaogopa kuliko mwizi. Kwenye mitaa yenye mgao mtu hufungua bomba, akakuta pakavu, akaondoka bila kulifunga. Maji yakirudi usiku wa manane nyumba haina mtu. Kwa hiyo mimi hufunga koki kuu iliyo karibu na mita, nikafungua bomba la uani mpaka liishiwe kabisa, nikalifunga, kisha nikakagua mabomba ya ndani moja baada ya jingine. Simtanki huliacha limejaa, kwa kuwa likiwa tupu juu ya mnara wake upepo mkali unaweza kulisukuma, ila koki inayoshusha maji ndani huifunga.

Baada ya hapo hupanda ngazi kuangalia mifereji ya paa. Mvua za vuli mara nyingi huendelea hadi Desemba, na fungu la majani ya mwembe lisilozidi ngumi, likikaa kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji, linatosha kuyarudisha maji chini ya bati na kuiharibu dari ya jipsamu. Kazi hiyo hufanywa mchana, tena kukiwa kukavu, na mtu wa kushikilia ngazi awepo.

Mchangiaji, Sinza

Naunga mkono suala la maji, na naongeza suala la ufunguo. Ninaishi ghorofani, na mwaka mmoja familia ya juu yetu ilikuwa imekwenda Mbeya maji yalipoanza kushuka kwetu kwa kufuata waya wa taa ya sebuleni. Tulizima umeme kwenye swichi kuu, tukaondoa godoro na vitabu vya watoto, lakini mlango wa juu hakuna aliyeweza kuufungua, na mwenye nyumba naye alikuwa safarini. Ilibidi balozi wetu wa nyumba kumi aje, tukatafuta pamoja koki ya jengo zima, ambayo ilikuwa imefukiwa na mchanga nyuma ya ngazi. Tangu hapo wapangaji tulikubaliana kwamba anayesafiri huacha ufunguo wa akiba kwa jirani mmoja aliyemchagua mwenyewe, ndani ya bahasha iliyobandikwa na kusainiwa, pamoja na namba mbili za simu. Koki ile nayo sasa kila mpangaji anajua ilipo.

Mchangiaji, Tanga

Kuhusu umeme, naona ni afadhali kuchomoa plagi kuliko kuzima kwa swichi ya ukutani pekee, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika huweza kuja kwa nguvu kubwa na kuunguza televisheni au friji. Friji letu tunalimaliza chakula taratibu wiki ya mwisho, tunaliyeyusha barafu, tunalifuta kwa maji ya limau, na mlango tunauacha wazi kidogo kwa kitambaa kilichokunjwa ili lisiote ukungu.

Anayelazimika kuliacha likiwaka akumbuke LUKU. Unaweza kununua umeme kwa simu ukiwa Rombo, lakini kwa mita zetu hizi za kawaida zile tarakimu 20 sharti mtu aziingize kwa mkono. Basi nunua uniti za kutosha kabla ya kuondoka. Mama yangu mkubwa alinifundisha pia kugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu juu ya barafu: ukirudi ukaikuta imezama chini, ujue nyama iliyeyuka ikaganda tena, na haifai kuliwa.

Mchangiaji, Mombasa

Huku kwetu pwani adui ni unyevu. Nguo hazifungiwi kabatini zikiwa na jasho wala unyevu, na viatu vya ngozi hupigwa jua kwanza. Taka zote hutolewa siku ya safari yenyewe. Jambo la pili ni taa ya nje: ikiwaka usiku na mchana, kila apitaye anajua hakuna mtu, kwa hiyo sisi tumeweka ile inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukicha.

Mchangiaji, Minnesota, Marekani

Sisi tunaokuja nyumbani Tanzania mwezi huo tunaacha baridi kali, na maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka na kulipasua. Joto la nyumba hatulizimi. Tunalishusha hadi nyuzi 13 hivi za Selsiasi, tunafunga maji kwenye koki kuu, na milango ya makabati ya chini ya sinki tunaiacha wazi ili joto liyafikie mabomba. Posta nayo huombwa ishikilie barua, jambo inalolifanya kwa hadi siku 30, kwani sanduku lililojaa huwatangazia watu kwamba hatupo.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Kuna aliyeniuliza faragha kuhusu gesi: ifungwe kwenye mtungi wenyewe, isiwe kwenye jiko tu. Mwingine ameuliza kuhusu dada wa kazi. Kwa maoni yangu naye anastahili kwenda kwao, akiwa na mshahara wake na nauli mkononi mapema kabla bei za mabasi hazijapanda. Kumwacha peke yake alinde nyumba usiku ni kumtwika mzigo ambao hakuajiriwa kuubeba. Bado hatujagusa mifugo. Wenye kuku na mbwa, mnamwachia nani, na mnamwachia chakula kwa utaratibu gani?