Fildi ya uhandisi wa kemikali Tanga: tunapigishwa fotokopi na kutumwa vitumbua, halafu tunasainiwa kwamba tumefuzu. Imetosha!

Wakuu, habari za muda huu.

Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za mikopo. Hii ni mada nyingine na inajitegemea.

Mimi ni binti wa Ngamiani hapa Tanga, nasoma uhandisi wa kemikali, mwaka wa 3 kati ya minne. Chuo sikitaji. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nimepangiwa nyumbani, kwenye kiwanda kimoja cha chokaa. Nacho sikitaji, maana viwanda vya chokaa viko vingi huku kwetu na wenzangu waliopangiwa kwingine wananieleza yale yale. Nimenyamaza vya kutosha na nina hasira, kwa hiyo nivumilieni kama uzi utakuwa mrefu.

Kazi yangu kama mhandisi mtarajiwa ni hii. Asubuhi nasaini kitabu cha wageni getini, maana mpaka leo sina hata kitambulisho. Naingia ofisi ya utawala, napanga mafaili ya ankara, natoa fotokopi, nagonga mihuri kwenye hati za mizigo. Ikifika saa 4 natumwa chai na vitumbua. Mwenzangu wa kiume yeye anaosha gari la meneja, na siku ambayo gari halipo anahesabu mifuko mitupu stoo. Tanuru lenyewe naliona dirishani nikiwa nimekaa. Naona mawe yanapandishwa juu, naona chokaa inatolewa chini, na siruhusiwi kulisogelea.

Nilipouliza kwa nini, jibu la kwanza likawa, "Dada, kule kuna vumbi na joto, si mahali pa mtoto wa kike." Nikauliza mbona na wenzangu wa kiume hawaendi. Likaja jibu la bima. Nikaleta barua ya bima niliyopewa na chuo. Likaja jibu la siri za kampuni. Buti za usalama na kofia ngumu nilinunua kwa hela yangu kabla sijaripoti, kwa sababu barua ya kiwanda ilisema bila hivyo hupokelewi. Vimekaa chini ya meza ya mashine ya fotokopi.

Sasa kwa ambao hamjui tunachosoma, niwaeleze mnione kwa nini naumia. Watu wengi wanadhani uhandisi wa kemikali ni kuchanganya dawa kwenye chupa maabara. Kazi yetu hasa ni kuchukua kitu kinachofanyika kwenye chupa na kukifanya kwa tani, mchana na usiku, bila kulipua watu, bila kupoteza mafuta, bila kumwaga uchafu mtoni. Ndiyo maana tunakeshea mizania ya maada na nishati (hesabu ya kinachoingia na kinachotoka), mwendo wa vimiminika, uhamishaji wa joto, mitambo ya mmenyuko wa kemikali. Na tanuru la chokaa ni mahali pazuri mno pa kuanzia, kwa sababu mmenyuko wake ni mmoja na unaeleweka. Jiwe ni kalsiamu kabonati. Likifika joto la nyuzi 900 hivi linaachana na kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai. Kila kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa, kilo 44 zinaondoka na moshi. Kwa nadharia tani moja ya chokaa hai inadai nishati kama gigajuli 3.2. Kiwanda kikitumia zaidi ya hapo, na vyote vinatumia zaidi, swali la mhandisi ni: hiyo ya ziada inapotelea wapi? Kwenye moshi? Kwenye kuta za tanuru? Kwenye chokaa inayotolewa ikiwa bado ya moto?

Hilo swali peke yake lingenitosha fildi nzima. Niliomba takwimu za mafuta yanayoingia na chokaa inayotoka, hata za wiki moja tu. Nilinyimwa.

Aliyenifundisha kitu kwenye kiwanda kile ni mzee mmoja wa tanuru, elimu yake darasa la 7. Nilimfuata mchana kwenye kivuli cha mwarobaini wanapokula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa chuo? Mbona hatukuoni huku?"

Nikamwambia nimekatazwa. Akatikisa kichwa, akainuka. Akachukua kopo la rangi lililokatwa mdomo, akatia maji kidogo, akaniambia nisimame upande upepo unapotokea na nisiinamie kopo. Akatumbukiza bonge la chokaa iliyotolewa asubuhi. Sekunde chache likaanza kutoa sauti, likapasuka, mvuke ukatoka, maji yakachemka bila moto wowote, bonge likawa uji mweupe. Akakoroga kwa kijiti, akatoa ndani ya uji ule kijiwe kigumu, kama korosho kwa ukubwa. "Hiki hakikuiva. Jiwe lilikuwa kubwa, moto haukufika ndani." Akatumbukiza bonge la pili, lenye rangi ya kijivu kidogo. Likakaa kimya muda mrefu kabla ya kuanza kuchemka kivivu. "Na hili limeungua kupita kiasi. Limekufa. Ukimuuzia mtu hili akapaka ukuta, litakuja kunyonya maji na kuzimika ukutani, na rangi itabanduka."

Wakuu, kile kijiwe tulikisoma darasani! Tulifundishwa kwa jina la modeli ya kiini kinachosinyaa, milinganyo ikajaa ubao mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona kiini chenyewe. Mmenyuko unaanzia nje ya jiwe unaingia ndani, na jiwe likiwa kubwa katikati hapafikiwi kwa muda uliopangwa. Ukiongeza moto ili ufike katikati, ngozi ya nje inaungua na kufa. Kwa hiyo dawa ni kuchagua mawe ya ukubwa unaofanana, si kuongeza mafuta tu. Mzee yule anayajua hayo yote kwa kopo la rangi. Mimi nilikuwa na hesabu, yeye ana macho na miaka yake mbele ya moto, na tungekaa pamoja kiwanda kingepata kitu cha maana bure kabisa.

Basi nikaandika ombi la ukurasa mmoja. Nichukue sampuli kila zamu, nizipange kwa ukubwa wa jiwe, nizime chokaa kwa maji, nipime uzito wa viini vinavyobaki, nilinganishe na mafuta yaliyotumika. Vifaa: ndoo, mzani, miwani ya kukinga macho. Sikuomba hata shilingi. Jibu la meneja, maneno yake mwenyewe: "Binti, umekuja kufanya fildi au kutuchunguza?" Na yule mzee akaitwa ofisini akaonywa asikae na wanafunzi. Hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Mtu anaonywa kwa kufundisha!

Kiwanda nimekisema, sasa chuo.

Msimamizi wetu alikuja. Alikaa ofisini kwa meneja, akanywa soda, wakaongea habari za barabara, tukaitwa tupige picha ya pamoja tukiwa na kofia ngumu vichwani. Tanurini hakufika. Akaniuliza nina changamoto gani. Nikamweleza, na ombi langu nikampa alisome. Akasema nijaze tu logibuku, daftari la kazi za kila siku, vizuri, mambo ya viwanda ndivyo yalivyo. Akasaini wiki zote kwa mkupuo, pamoja na wiki ambazo hazijafika. Ndugu zangu, mhadhiri anasaini kwamba nimefanya kazi siku ambazo bado hazijafika!

Ukishasainiwa hivyo kinachofuata kila mwanafunzi anakijua. Ripoti za fildi za miaka iliyopita zinauzwa kwenye stationeri za karibu na chuo. Unabadilisha jina, unabadilisha mwaka, unakabidhi. Nimeona kwa macho yangu ripoti ya mtu aliyefanya fildi kwenye mamlaka ya maji, ndani yake kuna mchoro wa kiwanda cha bia, na imepata alama nzuri. Siwalaumu sana wanaofanya hivyo. Mtu aliyeosha magari fildi nzima ataandika nini?

Na msinieleze kwamba hii ndiyo hali ya dunia. Fani hii ilipoanza kufundishwa chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1888 waliona mapema kwamba kemia ya ubaoni haimtoi mhandisi. Mwaka 1916 William Walker na Warren Lewis wakaanzisha shule ya mazoezi ndani ya viwanda. Wanafunzi wanahamia kiwandani, mwalimu wa chuo anakaa nao pale pale kituoni, wanapewa tatizo halisi la kiwanda, wanapima, wanatoa majibu mbele ya wenye kiwanda. Fedha za kuanzia alitoa George Eastman wa kampuni ya kamera ya Kodak, mfanyabiashara aliyeona faida yake. Mpaka leo ipo. Zaidi ya miaka 100 dawa inajulikana, nasi tunaletewa mtu wa kunywa soda na kupiga picha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Tanga. Kama kuna mji nchi hii ambao mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali hapaswi kukosa cha kujifunza, ni huu. Tuna mawe ya chokaa na saruji. Tuna mkonge tangu Richard Hindorf auingize mwaka 1893, na mpaka leo nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani, yanayobaki ni maji na makapi. Kule shamba la mkonge la Hale walishaonyesha kwamba makapi hayo yanatoa biogesi ya kuzalisha umeme, kwa hiyo kila shamba linalomwaga makapi ni tatizo linalosubiri mwanafunzi wa kulifanyia hesabu. Maji ya mji yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, na mvua ikinyesha milimani yanakuja na tope. Nani atajifunza kukadiria dawa ya kuyatuliza? Tuliwahi kuwa na kiwanda cha mbolea hapa hapa, kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazee wanakikumbuka.

Na sasa Chongoleani, pwani ya hapa hapa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, limepangiwa kuishia kwetu. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lote linapashwa joto. Hapo kuna uhamishaji wa joto, mwendo wa vimiminika na usalama wa matangi, yaani masomo yetu yote ya mwaka wa 2 na wa 3 yamelala chini ya ardhi ya mkoa wetu. Kila kiongozi akipanda jukwaani anasema vijana wa Tanga jiandaeni na fursa. Tunajiandaa vipi? Mtu akija kuniuliza kwenye usaili nimewahi kugusa pampu gani, nimjibu nini?

Najua mtakuja na yale ya "vumilia, utajifunzia kazini". Kweli baada ya shahada kuna mafunzo ya vitendo ya miaka 3 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla hujasajiliwa mhandisi mtaalamu. Lakini ili kampuni ikuchukue inaangalia umeleta nini mkononi, na fildi ndiyo pekee tunayoweza kuonyesha. Wengine mtasema wenye viwanda wanaogopa ajali. Sawa, chokaa hai inaunguza, na ikiingia jichoni ni hatari. Basi tupeni mafunzo ya usalama siku ya kwanza na mtu wa kututembeza, mbona wapiga picha wa matangazo ya kampuni wanapandishwa hadi juu ya tanuru?

Hela sitaki kuongea sana, ila jueni wapo wenzetu waliotoka Songea na Mwanza, wamepanga chumba Makorora watu wanne, bumu la fildi, yaani posho ya mkopo, limechelewa, wanatembea kwa miguu kwenda kuhesabu mifuko mitupu.

Ninachodai kinaeleweka. Chuo kisimpeleke mwanafunzi kiwanda ambacho hakijaandika kwenye karatasi atafanya nini kwenye uzalishaji. Msimamizi akae kituoni siku kadhaa, aingie tanurini, na asisaini wiki ambayo haijaisha. Kila mwanafunzi apewe tatizo moja dogo la kiwanda na ripoti yake iwe juu ya hilo tatizo, hapo hakuna wa kununua ya mwaka jana. Mafundi kama yule mzee walipwe posho kidogo kwa kutufundisha badala ya kuitwa ofisini kuonywa.

Mlio fildi sasa hivi hapa Tanga, iwe chokaa, saruji, mkonge, maji au chakula, andikeni hapa chini: mmepangiwa idara gani, mnafanya kazi gani hasa, msimamizi alifika na aliingia wapi. Msitaje jina la mtu wala la kampuni. Nitayakusanya yote niyapeleke kwa mkuu wa idara chuo kikifunguliwa, pamoja na lile ombi langu na logibuku yenye saini za wiki ambazo hazikuwa zimefika. Walio Bagamoyo na Dar pia mnakaribishwa. Anayeogopa kuandika hadharani aje inboksi, nitamjibu leo usiku.