Mnauliza kama ni mwizi, hamuulizi kama amewahi kulea mtoto

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira tangu saa nne asubuhi na sijui nimtupie nani, kwa hiyo naitua hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka saba, mdogo anakaribia mwaka na nusu. Ninayoyasimulia yametokea ndani ya nyumba yangu mwaka huu huu, na sitaki pole ya mtu. Nataka wazazi wenzangu mjiulize kitu kimoja: siku mlipompokea dada wa kazi, mlimwonesha nini kwanza?

Sisi dada alifika Jumapili jioni. Mke wangu akamtembeza: jiko hili, gesi inafungwa hivi, pasi usiiache kwenye umeme, ufunguo wa mlango wa nyuma unakaa hapa, chumba chetu huwa tunakifunga. Mtoto alikuwa ameshalala, kwa hiyo yeye tulimwonesha mwisho, tukiwa tumesimama mlangoni, kwa tochi ya simu, tena kwa kunong'ona. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi sote wawili tulikuwa barabarani. Mtu tuliyemfahamu kwa saa kumi na mbili, nane kati ya hizo akiwa usingizini, ndiye tuliyemwachia mtoto. Na chumba chetu, kama tulivyosema, tulikifunga. Nimelirudia hilo kichwani mpaka nimechoka: vilivyokuwa chini ya ufunguo ni nguo zangu, bahasha ya vyeti na saa moja mbovu.

Usaili wenyewe? Unajua kupika? Unajua kupiga pasi? Una mchumba? Basi. Swali kubwa hatukumuuliza yeye, tulimuuliza dada aliyetuunganisha naye: ana mkono mrefu? Akasema hana. Tukashukuru Mungu.

Ikafuata miezi minne ya raha. Mdogo wetu akawa maarufu kwa upole. Mke wangu akipiga simu saa sita mchana, kalala. Saa tisa, kalala. Tukirudi saa moja usiku, kalala. Nilikuwa najisifu kazini kwamba huyu kafuata upande wangu, hana makuu. Shida ikawa Jumamosi na Jumapili, siku ambazo tuko nyumbani: analia hovyo, hatulii, hataki kulala mchana, chakula anakigeuzia kisogo. Tukasema anadeka, kawaona wazazi. Siku tano analala kama gogo, siku mbili anahangaika, na sisi wawili tuliosoma mpaka macho yakauma hatukujiuliza nini kinabadilika Ijumaa usiku.

Nilichogundua nilikigundua kwa bahati, si kwa umakini, naomba mnielewe hapo. Usiku mmoja mkubwa akashikwa na mafua, nikaenda kutafuta ile chupa ya dawa yake tuliyoinunua wiki mbili nyuma. Alikuwa ameitumia siku tatu tu. Nikaikuta juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa, imebaki upana wa kidole kimoja. Pembeni yake kuna kijiko kidogo cha plastiki. Nikakishika kikaninatia vidoleni. Dawa ya mkubwa iliyokauka tangu wiki mbili nyuma isingenata vile, na kijiko cha mkubwa kilikuwa kwenye droo, ni kingine kabisa, cha rangi ya bluu. Nikasimama pale jikoni nimeshika kijiko kama mjinga.

Asubuhi hatukwenda kazini. Daktari alisoma lebo, akatuangalia, akauliza mtoto ana umri gani. Hizi dawa za mafua za kizamani nyingi zina antihistamini, zile zinazokuacha mtu mzima ukisinzia. Kwa mtoto mchanga haziishii kwenye usingizi. Zinaweza kulegeza hata upumuaji wake. Moja ya jamii hiyo, promethazini, mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali mwaka 2004 kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu wapo waliokufa kwa kushindwa kupumua. Wetu alipimwa, akaonekana yuko sawa. Mke wangu alikaa kwenye benchi la nje nusu saa nzima bila kusema neno.

Sasa najua mnachosubiri. Mnasubiri nimtukane yule dada, nasi wote tumtukane, uzi unoge. Subirini kwanza.

Tulipomuuliza hakukana. Alilia, kisha akasema nyumba aliyofanya kazi kabla ya kwetu, mama mwenye nyumba ndiye aliyemfundisha. Mtoto akilala, kazi zinaisha. Halafu akaanza kunihesabia kwa vidole, taratibu, kama mtoto anayejifunza namba: kufua nguo za watu watano, kudeki, pasi, vyombo, kupika mara tatu, kumfuata mkubwa shule. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia mkono wa pili. "Na mtoto analia, baba." Nikamuuliza ana miaka mingapi. Wakuu, miezi minne amekula na kulala kwangu, na ndiyo siku ya kwanza namuuliza umri. Kumi na sita.

Mimi mwanangu wa mwaka mmoja nilimkabidhi kwa mtoto mwingine, nikampa na nyumba nzima juu yake. Upo Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani. Unataka mfanyakazi apumzike walau saa 24 mfululizo kila wiki. Wa kwetu alikuwa anapumzika akiumwa. Simtetei, alichofanya kingeweza kuua. Lakini mtu aliyechoka, asiye na ujuzi, anayeogopa kufokewa vyombo vikikutwa havijaoshwa, akiwa na chupa ya dawa karibu na mtoto anayelia, ulitegemea nini? Na nani aliyempanga pale? Hakuvunja dirisha kuingia. Tulimfungulia mlango wenyewe.

Nikampigia yule aliyetuunganisha, nikiwa nimejaa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanijibu kwa upole kabisa: "Shemeji, uliniuliza kama anaiba. Kwani kakuibia?" Nikakata simu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Msichana tulimlipa, tukampeleka wenyewe mpaka kwa wazazi wake. Mama yake alitushukuru kwa kumrudisha salama. Sikuweza kumwangalia usoni.

Tangu hapo nikimsimulia mtu, jibu la kwanza ni "funga kamera". Sawa, fungeni. Ila mnakumbuka ile video ya Kampala ya Novemba 2014, dada anampiga na kumkanyaga mtoto wa mwaka na nusu, akaja kufungwa miaka minne? Watu wote walichokumbuka pale ni kamera. Kilichonigusa mimi ni kwamba baba wa yule mtoto alitega kamera baada ya kuona mwanawe ana michubuko na anachechemea. Macho yake ndiyo yaliyotangulia, kamera ikaleta ushahidi. Kwangu kamera ingenionesha nini? Dada mpole anamnywesha mtoto dawa kwa kijiko, mtoto analala. Ningesema hongera.

Kwa hiyo tumieni macho kwanza. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni nadra sana kupata michubuko mwenyewe. Ukikuta alama, usikubali haraka hadithi ya "alijigonga". Aliyeanza kutembea ataumia magoti, miguu na paji la uso, hiyo kawaida. Alama sikioni, shingoni, tumboni, mgongoni, hapo simama. Muangalie mtoto usoni dada anapoingia chumbani. Rudi saa isiyo yako, siku moja saa tano asubuhi, nyingine saa nane, wala usipige simu kwamba uko njiani. Na usingizi! Mtoto akibadilika ghafla akawa analala kuliko kawaida yake, usijisifu kama mimi, nenda kahesabu chupa za dawa. Zangu sasa zinakaa kwenye chumba kinachofungwa. Angalau kimepata kazi ya maana.

Na kabla hujafika huko, muulize maswali ya mtoto. Lile ninaloliuliza sasa ni hili: mtoto kalia nusu saa, umembeba, umemlisha, umembadilisha, bado analia, unafanyaje? Halafu nyamaza usikilize. Tuliowaita mwezi uliopita walikuwa watatu. Wa kwanza akasema atamtisha kidogo. Wa pili akacheka, akasema huwa anawatikisa wananyamaza. Kumbe wengi hawajui kwamba kumtikisa mtoto mchanga ni hatari ya kifo: kichwa chake kizito, shingo bado laini, ubongo unagongagonga ndani ya fuvu na mishipa ya damu inapasuka, na kwa nje huoni hata alama. Anaweza kunyamaza kweli, kwa kuwa ameshaumizwa. Wa tatu, mama wa makamo, alifikiri kwanza. Akasema: namlaza chali kitandani kwake, natoka nje navuta pumzi, nikirudi bado analia nakupigia. Tukamchukua siku hiyo hiyo, na kupika kwake ni kwa kubahatisha. Mke wangu alichukua likizo ya wiki mbili akashinda naye. Nguo tunafua wenyewe Jumamosi, na kwenye kudeki tumekubaliana kuvumilia.

Aliyekuwa mwajiri wake pia tulimpigia. Usimuulize "alikuwaje", kila mtu atakuambia mzuri tu, hakuna shida. Muulize: leo ukipata mtoto mwingine, ungemwita tena? Sikiliza kama anajibu haraka au anaanza kujikuna.

Kuna jambo moja litanifanya nipigwe mawe na wanaume wenzangu, pigeni tu. Haya yalipotokea, ndugu zangu walimshukia mke wangu. Mama mzazi alikuwa wapi? Anafukuzia kazi, mtoto anamwacha kwa watu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa naondoka naye asubuhi hiyo hiyo, mlango huo huo, dakika hiyo hiyo! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 18, unasema wazazi wote wawili wana jukumu la pamoja la kumlea mtoto. Lakini mwanaume akinunua gari atamwita fundi, atalala chini ya bodi, atanusa oili, ataliendesha kilomita kadhaa na bado aseme atafikiria. Mtu wa kushinda na mwanawe saa kumi na mbili kwa siku, hilo anasema ni la mama. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Usaili wa maswali matatu uliendelea sebuleni mimi nikiangalia mpira.

Najua pia wapo wasio na uwezo wa kuchagua. Mama yuko peke yake, likizo imeisha, asipokwenda kazini hawali. Huyo simfokei, na asijisikie kwamba uzi huu ni wake. Nawasema sisi tulio na nafasi ya kuuliza na hatuulizi. Wiki mbili za likizo tunakuwa nazo za kwenda kwenye harusi.

Sasa kilichonitibua leo.

Saa nne nilikuwa nakunywa chai na jamaa ninayefanya naye kazi, mkewe anarudi ofisini wiki ijayo, wana kachanga ka miezi minne. Ananiambia hawajapata dada, wamechanganyikiwa. Nikaona hapa nimpe faida ya makosa yangu. Nikamsimulia kuhusu yule msichana, alivyokuja Jumapili, alivyokuwa mchapakazi, nyumba ilivyokuwa inang'aa, na kwamba ilibidi tumrudishe kwao. Nilikuwa nakaribia kwenye kijiko. Akanikatisha.

"Kwa hiyo sasa hivi hana kazi? Nipe namba yake, kaka."

Nikamwambia subiri, hujaniuliza kwa nini tumemrudisha.

Akaweka kikombe chini. "Enhe, kwa nini? Anaiba?"