Afisa kilimo mwanamke tumwandikeje, bwana shamba au bibi shamba?

Mkorosho_Mkavu: Wakuu salamu. Niko Tandahimba, ni katibu wa chama cha msingi, tuna mkutano wa wakulima kabla watu hawajaanza kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na barua za mwaliko naandika mimi. Afisa wetu wa kilimo wa kata ni dada, kaletwa karibuni. Mwenyekiti anasema andika Bwana Shamba maana ndo cheo, mweka hazina anataka Bibi Shamba, wazee wakaruka juu eti binti mdogo vile ubibi kautoa wapi. Mgeni rasmi ni diwani, naye mwanamke, ila kwake hakuna aliyebisha. Huko kwenu mnaandikaje?

Kuchele_Mjini: Andika Afisa Kilimo wa Kata, basi. Hivi vyeo vya bwana fulani ni mabaki ya mkoloni, DC mzungu alikuwa anaitwa bwana shauri, huyo kaondoka na bendera yake sijui kwa nini bwana shamba tumemng'ang'ania. Kwa diwani hamkubishana sababu neno lenyewe halina bwana wala bibi ndani, sawa na mbunge, waziri, jaji, mwenyekiti. Anna Makinda alivyokuwa Spika 2010 aliitwa Mheshimiwa Spika vilevile alivyoitwa Sitta aliyemtangulia, wanaochomekea kiingereza tu ndo walibadilisha wakaanza Madam Speaker.

Binti_wa_Ruangwa: Cheo hakina jinsia ila midomo yetu inayo. Wakuu wa mkoa tu angalia, Mtwara alipokuwepo Halima Dendego ni mama Dendego, Lindi kaja Zainab Telack ni mama Telack, wanaume waliokaa viti hivyohivyo nani aliwaita baba? Rais Samia kaapishwa Machi 2021 na umama kaanza nao sikuhiyohiyo. Halafu kuna diwani wa viti maalumu, hapo hata jina usipotajiwa ushajua ni mwanamke.

Kuchele_Mjini: @Binti Nyerere si Baba wa Taifa? Na sie huku wamakonde ukoo tunahesabu kwa mama, kuitwa mama sio kushushwa.

Binti_wa_Ruangwa: Nyerere ubaba kaupata kwa kuleta uhuru kaka, mama unapewa kwa kuvaa kilemba tu 😂

Ugani_Nachi: Mie mwenyewe afisa ugani, mwanamke, niko Nachingwea. Wazee wangu wananiita "bwana shamba mwanamke" na wala hainiumi, wamezoea. Kinachokera ni mtu anakukuta shambani unamkagulia mikorosho yake ule ugonjwa wa ubwiri unga umeanza kushika, anakuuliza "bwana shamba mwenyewe anakuja saa ngapi?" Kwenye barua weka Afisa Kilimo, anzia na Ndugu, neno la tangu enzi za TANU hilo na halichagui mume wala mke, siku hizi kila mtu anataka Mheshimiwa ndo maana limepoa. Mdomoni muulize mwenyewe anapenda aitweje, wengine bibi shamba wanaipenda tu. Na barua ifike mapema jamani, sio unapigiwa simu asubuhi ya mkutano na mafuta ya pikipiki ni ya mfukoni kwako.

Mkorosho_Mkavu: Asanteni wakuu, nimeandika "Ndugu Afisa Kilimo wa Kata", mwenyekiti kagonga muhuri huku ananuna. Sasa kimebaki kingine, diwani wa viti maalumu naye anakuja, kwenye ratiba namtaja pamoja na diwani wa kata au baada yake? Maana huyo mkali.

Binti_wa_Ruangwa: Wote madiwani hao. Andika "Waheshimiwa Madiwani" halafu majina kwa alfabeti, akinuna mtu anune na alfabeti.