Massie abaki chamani apigane, au atoke kama Amash?

Mchonga Mpini: Wakuu, hili limenikaa rohoni. Thomas Massie, mbunge wa Kentucky kule Marekani, ni Republican, chama cha Trump, lakini 2025 aliukataa muswada mkubwa wa kodi na matumizi wa Trump kwa kuwa unaongeza deni la taifa. Trump akaapa kumletea mpinzani kwenye kura za maoni. Kabla yake Justin Amash, mbunge wa Michigan wa chama hichohicho, alichoka, akakihama chama tarehe 4 Julai 2019, sikukuu yao ya uhuru. Wote wamepita njia aliyoifyeka Ron Paul, mbunge wa zamani wa Texas: serikali iwe ndogo, katiba ifuatwe kama ilivyoandikwa, vita vitangazwe na Bunge na si rais. Mtu wa hivi abaki au atoke? Mimi nasema abaki. Amash alitoka, 2020 hakutetea kiti, 2024 akarudi kuomba useneta kupitia chama kilekile na akashindwa.

Kishada: Abaki afanye nini? Ron Paul 2012, akiomba chama kimpitishe kugombea urais, alipata wajumbe wengi wa jimbo la Maine. Kufika mkutano mkuu wa chama Tampa, baadhi yao wakaenguliwa, na kanuni zikabadilishwa palepale. Chama kina wenyewe, mkuu.

Bint Pangani: Wenyewe nao hung'oka. 2010 Rand Paul, mtoto wa huyo Ron, alimbwaga mtu wa McConnell, kiongozi wa Republican kwenye Seneti wakati huo, huko Kentucky. 2014 Dave Brat, mwalimu wa uchumi wa chuo, alimwangusha Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi Bungeni. Kura za maoni za kwao mpigaji ndiye anaamua, hakuna kikao cha kukata jina. Na Amash alihama akabaki na ubunge wake mpaka muhula ukaisha. Kwetu ukihama chama, kiti umekiacha.

Mzee Kobe: Mimi Ron Paul namkubali tangu zamani. Daktari wa uzazi, mtu wa kupiga kura ya hapana Bungeni, hakuyumba. Misaada ya nje aliikataa miaka yote, na alikuwa sahihi. Misaada imetulemaza Waafrika, tumekuwa watu wa kukinga mikono.

Mama wa Wawili: Baba, hapo kwenye kukinga mikono umenigusa. Nakinga mikono kila ninapokwenda kliniki, tangu 2009. Wanangu wote wawili wamezaliwa salama, hawana virusi vya UKIMWI, kwa sababu ya dawa za msaada wa Marekani. Niambie nimelemaa wapi.

Mzee Kobe: Mwanangu, sikukulenga wewe. Nimesema taifa.

Mama wa Wawili: Sasa taifa ni nani? Januari 2025 Trump aliposimamisha misaada, wale dada waliokuwa wakitupigia simu tukikosa siku ya dawa hawakuonekana tena. Sisi tulikaa na hofu, nyie mnajadili deni la Marekani.

Kishada: Na mpango huo wa Marekani wa dawa za UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa na Republican, Bush baba.

Bint Pangani: Bush mwana, 2003. Baba alishatoka madarakani miaka 10 nyuma.

Kishada: Sawa, mwana. Hoja haibadiliki. Mzee Kobe amesoma bure enzi zile, leo anafundisha wenzake kujitegemea.

Mzee Kobe: Nilisoma kwa kodi ya wakulima wa nchi hii, si kwa dola. Usinivunjie heshima, kijana. Ninachosema ni kwamba dawa za watu wetu zingekuwa kwenye bajeti yetu, hakuna rais wa nje angemtia hofu huyu binti.

Mchonga Mpini: Tusitukanane. Na mada haijapotea sana. Katiba yao, Ibara ya 1, inasema fedha haitoki hazina ila kwa sheria ya Bunge. Pesa za dawa Bunge lilishazipitisha, rais akazizuia. Hapo ndipo mpenda katiba wa kweli alitakiwa kusimama, hata kama misaada haipendi. Julai 2025 ndipo Bunge lenyewe likafuta dola bilioni 9, nyingi za misaada, na Massie akapiga ndiyo.

Bint Pangani: Hapo nakubali kwa uchungu. Namheshimu kwa muswada ule wa kodi, lakini katiba haiwi katiba siku unayoipenda tu. Nilitaka kelele zake za Januari ziwe kubwa kama za deni.

Mzee Kobe: Mwanangu Mama wa Wawili, neno la kukinga mikono nalifuta. La bajeti silifuti.

Mama wa Wawili: Nimelipokea, baba. La bajeti hata mimi nalitaka.

Bint Pangani: Dada, dawa sasa hivi unapata?

Mama wa Wawili: Napata. Mwisho walinipa za miezi mitatu. Nimeziweka kabatini juu, nazihesabu kila Jumapili.