Banda la chatu bustanini Nairobi: wavu mtupu, banda lenye chumba cha joto, au abaki ndani?

Mkaazi wa Karen
Wanachama wenzangu, salamu. Ninafuga, kwa leseni, chatu jike anayekaribia urefu wa mita 3, na sanduku lake la ndani halimtoshi tena. Nimebaki na njia tatu: kumjengea banda la wavu bustanini, kumjengea banda la nje lenye chumba cha kulala kinachopashwa joto, au kumwongezea nafasi ndani ya nyumba na kumtoa nje mchana aote jua. Njia ya kwanza inanivutia kwa sababu fundi ameahidi kuimaliza kwa siku mbili. Naomba walioijaribu yoyote kati ya hizi wanieleze ilivyokuwa, hasa mwezi wa Julai.

Mfugaji wa Kasarani
Ndugu, mimi nilijenga hilo la wavu mwezi wa Januari, na hadi Machi nilikuwa nikijisifu kwa majirani, kwani nyoka aliota jua kila asubuhi na kula bila kusita. Juni ilipoingia na mawingu yake, ambayo hapa kwetu yanaweza kulifunika jua kutwa nzima hadi mtu anakula chakula cha mchana na sweta mwilini, alianza kukataa sungura. Alipokubali mmoja, alimtapika siku ya nne, na wiki mbili baadaye alikuwa akipumua kwa mdomo wazi huku ute wenye povu ukimtoka puani. Daktari wa mifugo alisema mapafu yameambukizwa. Alipona kwa sindano nyingi. Banda lile sasa ni la kuku.

Mtunzaji Mstaafu
Hapo ndipo penye ulinganisho wenyewe. Chatu hutegemea joto la mahali alipo, na anahitaji sehemu ya kuotea yenye nyuzijoto 31 hadi 33, pamoja na upande wa kujipoza wa 25 hadi 27, ilhali usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi karibu 11. Akilala na baridi hiyo baada ya kula, mnyama aliyemezwa huoza tumboni kabla ya kusagwa. Zaidi ya hayo, Nairobi si moja: uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kinakaribia mita 1,800, na Karen iko upande huo wa juu. Wavu unaosumbua Embakasi utasumbua zaidi kwako.

Kijana wa Lang'ata
Shikamoo wakubwa. Ninauliza kwa heshima: chatu si mgeni wa nchi hii, basi kwa nini apewe hita kama kifaranga?

Mtunzaji Mstaafu
Marahaba. Chatu wa porini huchagua mwenyewe mahali pa kulala, na mara nyingi hujificha katika mashimo yaliyoachwa na muhanga au ngiri, ambamo udongo huhifadhi joto la mchana. Banda la wavu humnyima shimo hilo na kumnyima pia uwezo wa kuhama. Na kwa kuwa umetaja porini, usije ukamwokota huko: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Bi wa Ruai
Mnazungumzia baridi tu, nami ninaogopa siafu. Mvua ikishanyesha, hutembea usiku kwa msafara, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Niliamka asubuhi moja nikakuta sungura wangu wote wameliwa. Matundu ya wavu kwao ni barabara. Banda liinuliwe juu ya miguu ya chuma, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, na nyasi za pembeni zikatwe fupi zisiwe daraja. Tafadhali msinyunyize mafuta ya taa karibu na nyoka, kwa maana mvuke wake atauvuta usiku kucha.

Fundi wa Banda
Kwa njia ya pili, chumba cha kulala kiwe na kuta mbili za mbao zilizojazwa maranda katikati, paa la mabati lenye dari chini yake, na hita iliyozungushiwa kizuizi cha chuma ili nyoka asijiunguze. Hita bila thamostati, yaani kifaa cha kuizima joto likitosha, ni hatari kuliko kukosa hita. Ua wa mchana uwe na wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu madogo, kwa kuwa waya wa kuku humchubua pua anaposukuma, nao milango iwe miwili inayofuatana, kila mmoja na kufuli. Msiweke kioo upande wa jua. Mchana wa Februari banda la kioo hugeuka tanuri.

Mfugaji wa Kasarani
Nawe fikiria umeme unapokatika usiku. Mimi siku hizi ninafuga ndani, na chumba kilichofungwa hupoa polepole kuliko banda lolote la nje.

Mkaazi wa Karen
Ninawashukuru nyote. Wavu mtupu nimeufuta. Kwa vile sasa ni Mei, atabaki ndani katika sanduku kubwa zaidi hadi Septemba, nami nitatumia miezi hiyo kujenga banda la njia ya pili pole pole na kupima joto la chumba chake usiku kabla ya kumhamisha. Makopo ya oili nimeshayatafuta.

Bi wa Ruai
Yafunike juu, mvua isiyajaze maji na kuimwaga oili bustanini.