Kina mama viziwi washirikishwe vipi kupanga huduma za kliniki?

Swali
Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya cha kata yetu, na tumeazimia kuboresha kliniki ya wajawazito ili kina mama viziwi nao wahudumiwe ipasavyo. Kwa sasa muuguzi huita majina kwa sauti, hivyo mama kiziwi hubaki kwenye benchi hadi wenzake wamalizike, kisha huingia akiwa na mama mkwe au mtoto wa kumsemea. Rasimu ya mpango imekwisha kuandikwa, na wajumbe wanapendekeza kina mama hao waitwe siku moja tu waipitishe. Naona haitoshi. Tufanyeje?

Jibu la kwanza
Ndugu, wasiwasi wako una msingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaagiza katika ibara ya 4 kwamba watu wenye ulemavu, kupitia vyama vyao, washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu. Kuitwa kupitisha yaliyokwisha kuamuliwa si kushirikishwa. Iwekeni rasimu kando, muwaulize kwanza wanakwama wapi tangu wanapotoka nyumbani. Kuhusu mkalimani wa lugha ya alama, ulizeni Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA).

Jibu la pili
Mimi ni kiziwi na ni mama. Nakubaliana na aliyetangulia, ila chama peke yake hakitoshi, kwa sababu wanaotuwakilisha mikutanoni mara nyingi ni wale tuliobahatika kusoma. Mama ambaye hakupelekwa shule huenda haijui lugha ya alama, bali anatumia ishara za nyumbani zinazoeleweka kwa dada yake au jirani tu. Dada au jirani huyo aje pamoja na mkalimani, lakini mama mwenyewe ndiye achague wa kuja naye, kwani yako mambo ya uzazi wa mpango na ya VVU ambayo hakuna awezaye kuyaeleza mbele ya mama mkwe. Nauli na posho walipwe sawa na wajumbe.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nahofia kamati itasema fungu la posho halipo.

Jibu la tatu
Basi kikao kifanyike siku ileile ya kliniki, wakati wamekwisha kufika, na fedha kidogo iliyopo ianze na mkalimani.